Barua ya wazi kwa Bodi ya taasisi inayotoa ruzuku: mwaka wa tatu tunaomba viti vya watoto na hamjawahi kutujibu

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa Bodi,
pamoja na Mkurugenzi Mtendaji na idara yenu ya ruzuku.

YAH: VIKUNDI VIDOGO VINAVYOOMBA RUZUKU KWENU NA NAMNA TUNAVYOPOKELEWA

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Na kwenu wajumbe wengine, salamu nyingi kutoka Tanga.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mratibu wa kikundi cha akina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo hapa Makorora, na ninaandika hadharani kwa sababu njia nyingine zote nimeshapita. Nimetuma emaili nne. Nimepiga simu mpaka sauti ya yule kijana wa ruzuku naijua, kila mara ananiambia "linafanyiwa kazi mama, subiri". Mwezi wa nane nikapanda basi la alfajiri nikaja Dar na barua mkononi, dada wa mapokezi alinipokea vizuri sana, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akasaini. Nakala hiyo ninayo hapa mezani naiangalia wakati naandika, muhuri wa bluu na tarehe, na baada ya muhuri huo sijasikia neno lolote kutoka kwenu.

Jina la taasisi yenu sitaliweka. Sina nia ya kumchafua mtu, nyie wenyewe mtajijua, na kwa kweli najua vikundi vingine huko Lindi, Singida, Kigoma vikisoma hapa vitaona mambo yao yaleyale na taasisi nyingine kabisa.

Kwanza mjue tunafanya nini, maana kwenye fomu yenu sehemu ya kueleza hilo ilikuwa na nafasi ya herufi 1,500 tu.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo wengi wao hawezi kukaa mwenyewe. Mgongo unalegea au unakakamaa, kichwa kinaanguka. Sasa mama akitaka kumlisha anamlaza mapajani au chini kwenye mkeka, mtoto anapaliwa na uji, uji unaingia sehemu siyo, baada ya hapo ni kifua, homa, hospitali, na wengine hawarudi. Kiti mwendo cha kawaida hakimfai, anazama humo kama nguo kwenye ndoo. Anahitaji kiti kilichotengenezwa kwa mwili wake yeye, kwa hiyo tunampima kutoka kiunoni mpaka nyuma ya goti, goti mpaka unyayo, upana wa nyonga, alafu tunakitengeneza kwa maboksi. Ndiyo, maboksi ya kawaida yale ya friji na televisheni, tunaenda kuyaomba madukani barabara za Ngamiani. Unapika gundi ya unga wa ngano, unapaka tabaka juu ya tabaka, unagandamiza kwa mawe, unaanika siku kadhaa, unakata, unaunganisha, unafunika kwa vipande vya karatasi mpaka pembe zote ziwe laini, mwisho rangi na vanishi. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe na umeshafika nchi nyingi za Afrika, sisi tulifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali anayekuja kujitolea. Kikikauka vizuri mtu mzima anakikalia hakivunjiki. Kiti kimoja kwetu kinatugharimu kama elfu thelathini. Mtoto akikua inabidi kingine.

Kuna mama mmoja mtoto wake ana miaka sita, alikuwa hajawahi kumuona usoni wakati anakula, maana siku zote amemlaza. Siku tulipomkalisha kwenye kiti, tukamfunga mkanda wa khanga kifuani, mama akachukua kijiko akamlisha akiwa ameketi mbele yake, mtoto akawa anamtazama. Yule mama aliweka kijiko chini kwanza.

Hiyo ndiyo kazi. Tuna akina mama 34, tunakutana kila Jumamosi, na tulichokuomba Ndugu Mwenyekiti ni shilingi milioni 8 na laki 4 kwa mwaka mzima. Sasa naomba nieleze malalamiko yetu moja moja.

1. Lugha. Tangazo lenu mnalitoa kwa Kiswahili kizuri kabisa, redioni na kwenye mabango, "vikundi vya kijamii mnakaribishwa". Ukifungua fomu, kila kitu Kiingereza. Wanachama wetu wengi wameishia la saba, mimi nimefika fomu foo, na kuna maswali niliyasoma mara tano sijui mnataka nini. Hii ni Tanzania. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, mtu anashtakiwa na anahukumiwa kwa Kiswahili, kwa nini kuomba milioni nane za viti vya maboksi kuwe kwa Kiingereza? Na wanaosoma hizo fomu ofisini kwenu ni Watanzania, nimeongea nao, Kiswahili chao kimenyooka.

2. Mfumo wa kuombea. Ukikaa dakika ishirini hujabonyeza kitu unatolewa nje na ulichoandika chote kimepotea, unaanza upya. Hauwezi kusevu ukaendelea kesho. Hauwezi kuona maswali yote mpaka umalize ukurasa wa kwanza. Sisi tunaombea kwenye kafe au kwa simu ya binti wa mwenzetu, bando likikata ndo basi. Mwaka wa kwanza nilimaliza kuaplodi nyaraka saa tano na nusu usiku siku ya mwisho na mfumo ukakataa faili moja kwa sababu lilikuwa picha badala ya pdf, hakuna namba ya kupiga usiku ule, hakuna mtu.

3. Nyaraka, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo palipotuumiza zaidi.

Sisi ni kikundi cha kijamii, tumesajiliwa halmashauri, tunasimamiwa na afisa maendeleo ya jamii, daftari letu la mapato na matumizi anakuja kulikagua na benki tuna akaunti yenye saini tatu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yapeleke kwa Msajili taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na ni sawa kabisa, lakini sisi siyo shirika la aina hiyo na tangazo lenu liliita vikundi kwa jina. Mwaka 2023 tukaomba, kimya. Mwaka 2024 tukaomba tena, nikapiga simu mpaka nikachoka ndipo nikaambiwa kwa mdomo kwamba hatukuwa na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, ile bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu.

Tukarudi tukakaa kikao. Akina mama wakasema kama ni hivyo tutafute. Mkaguzi wa kwanza alitaka milioni moja na nusu kwa kila mwaka, na mapato yetu yote ya mwaka ule yalikuwa milioni mbili na laki saba. Tukahangaika, tukapata mwingine mwenye huruma, akatufanyia miaka yote mitatu kwa milioni 3 na laki 3. Hela hiyo ilitoka wapi? Mmoja aliuza cherehani. Wengine walikopa vikoba wakawa wanarudisha kwa kuuza maandazi. Hakuna aliyewalazimisha, waliamini kwamba karatasi ikipatikana mlango utafunguka.

Sasa fanyeni hesabu nyie ambao mna wahasibu: milioni 3 na laki 3 kwa kiti cha elfu thelathini ni viti mia moja na kumi. Tulitoa thamani ya viti mia moja na kumi ili tu turuhusiwe kuingia kwenye foleni ya kuomba. Alafu 2025 tukawasilisha kila kitu, na barua ya serikali ya mtaa, na ya mtendaji wa kata, na cheti cha TRA, na nyie mkasema barua za utambulisho zisizidi miezi mitatu, tukazichukua mpya zote tukakimbizana na maofisa ambao nusu ya siku hawapo ofisini. Na bado kimya.

4. Mnakataa gharama za uendeshaji. Kwenye mwongozo mmeandika nauli na posho haziruhusiwi, nyie mnatoa fedha za "vifaa na shughuli". Naelewa mnaogopa watu kulipana posho mpaka mradi unaisha hakuna kilichofanyika, na nimeviona vikundi vya hivyo. Lakini kwetu sisi nauli ndiyo shughuli yenyewe. Mtoto wa miaka tisa mwenye kukakamaa humpakii bodaboda, na mgongoni hambebeki tena. Ni bajaji, elfu tatu kwenda elfu tatu kurudi kutoka kule Mwambani, na mama huyo anauza mboga. Bila hiyo elfu sita haji, asipokuja mtoto hapimwi, asipopimwa kiti hakipo. Mnaweza kutununulia unga wa ngano magunia mia na kazi isifanyike. Na yule mtaalamu wa viungo anatumia Jumamosi zake miaka yote hii, hajawahi kudai hata soda, sisi tunaona aibu.

5. Mchango wetu. Mnadai kikundi kichangie asilimia 20 na iwe taslimu iliyopo benki. Mnajua kiti kimoja kina saa ngapi za mikono ya akina mama? Siku nne, tano, wanapokezana. Maboksi wanayakusanya wenyewe. Chumba tunapewa bure na mwenye nyumba. Hayo yote kwenye fomu yenu ni sifuri.

6. Kimya. Hili ndilo lililonifanya nikae niandike barua hii. Kwenye mwongozo mmeandika kwamba usipojibiwa ndani ya siku tisini ujue hukufanikiwa. Kwetu ukimwendea mtu kwake kuomba, hata kama hana, anakwambia "leo sina ndugu yangu", na unaondoka na heshima yako. Sisi matokeo ya mwaka huu tuliyajua kwa kuona picha kwenye simu, watu wamesimama wameshika ile hundi kubwa ya mfano, tukazuum kuona kama kuna jina la Tanga. Akina mama walikuwa wananiangalia mimi, maana mimi ndiye niliyewaambia wakakope. Nikawaambia labda kuna awamu ya pili. Sikujua, nilisema tu.

Na ubaya wa kimya siyo kuumia roho peke yake. Mtu asipoambiwa kosa lake hawezi kulirekebisha. Mpaka leo sijui andiko letu la mradi la 2025 lilianguka wapi. Bajeti? Viashiria, yaani vile vipimo vya mafanikio? Ile nadharia ya mabadiliko, ya kueleza kazi yetu italetaje mabadiliko? Au hamkulifungua kabisa? Mstari mmoja tu ungetutosha, "viashiria vyenu havipimiki", tungehangaika navyo mwaka mzima.

7. Waandika maandiko. Mwezi wa kumi alinipigia mtu akasema yeye ni mtaalamu wa maandiko, akichukua asilimia kumi ya ruzuku atatuandikia na "litasomwa". Sina ushahidi kwamba ana mtu ndani kwenu na sitasema hivyo, Mungu ananiona. Ila biashara hii ipo na imekua kwa sababu fomu yenu haijaziki na mtu wa kawaida. Mkiifanya fomu ieleweke, mtu huyo hana kazi.

Najua mtakachosema, nimeshakisikia kingi kwenye simu.

Mtasema maombi ni mengi na watumishi ni wachache. Naamini, na mwaka huu yamekuwa mengi zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku tisini, na kufika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likawa limefungwa rasmi, kwa hiyo mashirika makubwa ambayo zamani hayakuwa na habari na ruzuku za milioni nane sasa yapo foleni moja na sisi, yana maofisa wa miradi, yana watu wa kuandika Kiingereza kilichonyooka. Lakini hapo ndipo mnapotakiwa kutufikiria zaidi! Mkiendelea kupima kwa uzuri wa andiko, kila mwaka fedha zitaenda kwa wanaojua kuandika, na sisi tuliopo na watoto hatutafika.

Mtasema lazima mlinde fedha za watu waliowaamini. Ni kweli na sisi tunataka mzilinde. Njooni mkague. Mtu mmoja kwenye basi mpaka Tanga na kurudi anagharimu kidogo sana kuliko ukaguzi wa miaka mitatu, na akifika ataviona viti, atahesabu watoto, ataona daftari, ataongea na mtendaji. Karatasi yenye muhuri wa mkaguzi haimwambii hata mtoto mmoja anakulaje.

Mtasema tukakope halmashauri, kuna ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Kijana wenu alinishauri hivyo na najua alikuwa na nia njema. Ile ipo kisheria, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Lakini ule ni mkopo wa kufanya biashara, unarudishwa. Kiti cha mtoto hakizalishi marejesho. Tukikope tutamlipisha nani, mtoto?

Na kuna mjumbe wenu mmoja nilimsikia kwenye kikao cha wadau akisema vikundi vidogo "havina uwezo wa kupokea fedha". Hilo liliniuma sana nikanyamaza pale maana nilikuwa nimekaa nyuma. Kikundi ambacho kimetengeneza viti miaka saba kwa michango ya buku mbili mbili na hakijapoteza hata senti, uwezo gani mwingine unatafutwa?

Basi tunachoomba ni hiki, na hatuombi mtupe sisi upendeleo.

Fomu iwe kwa Kiswahili, anayetaka Kiingereza aandike Kiingereza. Hatua ya kwanza iwe kurasa mbili tu za wazo, bila nyaraka, na mtu aruhusiwe kuzileta kwa mkono au kwa posta au hata arekodi sauti akatuma wasapu, alafu wale mliowapenda ndio mkawaita walete vyeti na barua. Hii peke yake itaokoa watu wengi kukimbia ofisi za mitaa bure. Nyaraka ziendane na fedha: anayeomba chini ya milioni kumi alete taarifa ya benki, daftari, na barua ya afisa maendeleo ya jamii, anayeomba milioni mia mdaini ukaguzi. Nauli na posho ndogo ya wataalamu viruhusiwe, wekeni kikomo chenu mnachotaka, ila viruhusiwe. Kazi ya mikono na vifaa tulivyochangia vihesabiwe kwenye ile asilimia 20. Kila aliyeomba ajibiwe ndani ya siku thelathini baada ya uamuzi, na sababu moja iliyoandikwa. Na majina ya waliopata, kiasi na wilaya wanayotoka, myaweke wazi kila mwaka, ili na sisi tujifunze wenzetu waliandika nini.

Kwa upande wetu kama kikundi tunaomba kitu kimoja tu: jibu la maandishi kuhusu ombi letu la 2025, lilianguka wapi. Hata kama jibu ni hapana ya moja kwa moja, tutalisoma mbele ya wanachama Jumamosi na yatakuwa yameisha. Nimewaahidi akina mama kwamba kufikia mwisho wa mwezi ujao nitakuwa na jibu, na safari hii sitaki kuwaambia kitu nisichokijua.

Mkiona vema kuja, tunaanza saa tatu asubuhi, nyumba ya pili baada ya msikiti, kuna maboksi yameanikwa nje utayaona tangu barabarani. Sasa hivi kuna viti vitano vinakauka. Cha mtoto wa Mwambani kimebaki vanishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mratibu,
kwa niaba ya akina mama 34,
Makorora, Tanga.

Nakala:
Afisa Maendeleo ya Jamii, halmashauri ya jiji.
Mtendaji wa kata.
Wanachama wote, itasomwa kikaoni.